Kilo Tisini na Tatu

Mwaka ule nilipimwa kwa mizani ya pamba. Sisemi kwa mafumbo. Nilipanda juu ya ubao wa mizani ya ghala la ushirika, ule ule wa kupimia magunia, nikasimama wima na kanga zangu mbili. Mwenye mizani akasogeza kijiwe cha chuma kwenye fimbo yake mpaka fimbo ikatulia, halafu akatangaza kama mtu wa mnada:

"Mia moja na nne! Na hii siyo pamba safi, hii ni fifi, daraja la pili. Imelowekwa maji usiku ili iongeze uzito!"

Wakulima waliokuwa kwenye foleni na mizigo yao wakacheka mpaka wengine wakakaa chini. Na mimi nikacheka. Ningefanya nini? Yule mwenye mizani alikuwa mtani wangu, Mnyamwezi ambaye baba yake aliletwa Kilosa kukata mkonge, na sisi watu wa bonde hili ni watani wao tangu mababu zao walipopita hapa na mizigo kichwani wakituomba maji. Mtani ana ruhusa ya kukuita gunia. Akikuita gunia ukanuna, mwenye kosa ni wewe.

Kilichonipandisha pale kilikuwa ngiri. Baada ya mtoto wa sita kitovu changu kilianza kutoka nje, kwanza kama limau, kisha kama chungwa. Nikilala kinarudi, nikisimama kinachungulia. Nilikifunga kwa kitambaa miaka miwili, nikilima nacho, nikibeba kuni nacho, mpaka maumivu yakanizidi nikapanda kwenda hospitali ya misheni kule milimani. Daktari alikuwa mzee mpole asiyependa maneno mengi, na hilo lilinipendeza, kwa kuwa mimi pia sipendi.

"Mama, sikupasui," akaniambia. "Ukiwa na uzito huu kidonda hakitafunga, na dawa ya usingizi inaweza isikuachie uamke. Shuka ufike themanini na tano, uje."

"Na nisipofika?"

"Siku moja utumbo utanasa hapo kitovuni. Ukinasa una siku moja, labda mbili. Kutoka kwenu mpaka hapa wakati wa masika ni siku ngapi?"

Masika mto hukata barabara, na ukikata, hata barua haipiti.

"Basi uje kabla ya masika," akasema. "Punguza chakula nusu. Jipime kila wiki, uandike."

Nilikuwa nimehitimu kisomo cha watu wazima mwaka uliotangulia, kwa hiyo kuandika tarakimu niliweza. Kujipima ndiyo ilikuwa kazi. Zahanati ya kijiji ilikuwa na mizani ya watoto tu, ile ya kumning'iniza mtoto ndani ya suruali ya turubai. Mhudumu aliniangalia, akaiangalia ile suruali, akaniangalia tena. Nikamwambia, "Usijisumbue, mwanangu." Nikavuka njia kwenda ghalani.

Kijiji chetu kilikuwa kwenye njia ya kutoka Kilosa kwenda Mikumi, kimoja cha vile vilivyopangwa mistari wakati wa ujamaa. Mume wangu alikuwa kwenye genge la kutengeneza reli. Alilala Mikumi siku tano, akarudi Ijumaa. Ijumaa ile nikamweleza.

"Daktari amesema nile nusu."

"Nusu ya nini?"

"Nusu ya ninachokula."

Akafikiri kidogo. "Hiyo nusu bado itakuwa kubwa kuliko sahani yangu." Kisha uso ukambadilika. "Lakini, mama watoto, watu wataniambiaje? Mimi nalala Mikumi, wewe huku unakonda. Watasema mshahara wa reli nimeufungulia nyumba nyingine."

"Waache waseme. Utawaonyesha ngiri."

"Ngiri ya mke wangu niwaonyeshe watu?"

Usimcheke. Siku hizo unene wa mke ulikuwa cheti cha mume. Mwanamke akipungua, watu walitafuta sababu tatu: ana ugonjwa, amelogwa, au mume hatoi. Sababu ya nne, kwamba ameamua mwenyewe, haikuwepo.

Mimi sasa. Nilikuwa mjumbe wa kamati ya kijiji na msimamizi wa wanawake kwenye shamba la ujamaa. Kipande cha reli kilichotundikwa mtini kikigongwa alfajiri, mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kufika, jembe begani. Mwanamke aliyechelewa nilimuuliza mbele ya wenzake kama kitanda chake kina gundi. Aliyekaa chini kabla ya saa nilimuuliza kama amekuja kutaga. Nilichukia uvivu, nilichukia uongo, na nilichukia ulafi. Hilo la tatu nililisema sana. Mtu yeyote aliyeishi kijijini mwetu miaka ile atakuambia.

Kwa hiyo niliposhika jambo la kula nusu, nililishika kama mjumbe. Ugali wangu niliupima kwa ngumi yangu mwenyewe. Ngumi moja mchana, ngumi moja kabla jua halijazama. Watoto waliniangalia kwa huruma. Jumamosi ya kwanza nikawa mia moja na mbili. Kisha mia moja. Kisha tisini na nane. Mtani wangu alitangaza kila wiki, na foleni ilipiga makofi. "Jamani, panya wameingia ghalani! Gunia linavuja!"

Na hapo ndipo kichwa kilipovimba badala ya tumbo. Nikawa mhubiri. Niliwaita wanawake wenzangu waliokuwa wanene, nikawasimamisha shambani, nikawaambia kuwa unene ni kukosa msimamo. Niliwaonyesha ngumi yangu. "Hii tu," nikawaambia. "Mchana hii, jioni hii. Mtu mwenye akili hashindwi na sufuria." Mmoja wao, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, akanipa kipande cha muhogo wa kuchoma ili kupongeza maneno yangu mazuri. Nikakipokea, nikakitafuna nikiendelea kuhubiri.

Nilifika tisini na tatu. Ukaingia mwezi wa Ramadhani, nikafurahi, nikajua sasa mwezi mtukufu utanimalizia kazi. Nilifunga siku zote isipokuwa zile za ada ya wanawake. Mchana hata mate nilitema kwa wasiwasi. Jioni nilifuturu kama watu: uji wa pilipili manga, magimbi, viazi vitamu, tambi ikipatikana sukari, na ile ngumi yangu ya ugali baadaye, kwa sababu niliahidi ngumi moja na mimi ni mtu wa ahadi. Mwezi ulinikuta tisini na tatu, ukaniacha tisini na tatu.

Haidhuru, nikasema, ni mwezi wa baraka. Jumamosi baada ya Idi, tisini na tatu. Iliyofuata, tisini na tatu. Ile namba ikawa imekaa juu ya fimbo kama kuku aliyeatamia.

Kwanza nililaumu mizani. Nilimwambia mtani wangu apandishe mfuko wa mbolea wa kilo hamsini, niushuhudie. Ukasoma hamsini. "Mbolea haidanganyi," akasema, "labda wewe." Jumamosi nyingine nikavua bangili na hereni, nikaja na kanga moja nyepesi iliyochakaa. Tisini na tatu. Jumamosi nyingine, na hili nalisema nikijua wajukuu zangu watalisoma, nilinyoa nywele. Kichwa chote. Nilipanda ubaoni na upara unaong'aa, mwanamke wa kamati, mama wa watoto sita. Mtani wangu alinizunguka mara mbili, mikono nyuma.

"Mtani," akasema, "ukikwama tena wiki ijayo, utakata masikio?"

Tisini na tatu.

Nikanywa mwarobaini uliochemshwa mpaka ukawa mweusi. Nilishinda chooni siku mbili, nikatoka, nikaenda moja kwa moja ghalani kuchukua zawadi yangu. Tisini na tatu. "Mtani, huo mdomo wako uupe likizo," akaniambia siku ile, na watu wakacheka, nami nikacheka nikiwa natafuna karanga. Kila wiki aliniambia hivyo kwa namna yake. Nilimchukulia kama mtani anavyochukuliwa: maneno yanaingia sikio hili, kicheko kinatokea huku. Mtu anayesikiliza kwa makini matusi ya mtani wake ataonekana hana akili.

Wakati huo mvua za vuli zilikuwa zimeanza, zile ndogo zisizofunga barabara. Baada yake ni masika. Nilikuwa nimebakiza miezi mitatu, na kilo nane.

Siku ya Jumatano tulikuwa tunalima shamba la mahindi la kijiji. Niliinama, nikakohoa kikohozi kimoja tu, cha kawaida, nikahisi kama mtu amenishika kitovu kwa koleo. Nikaweka mkono. Kile kivimbe kilikuwa kigumu kama jiwe na hakikutaka kurudi. Nikatapika. Wanawake wakapiga yowe. Wanaume wakaja mbio na kitanda cha kamba, wakanilaza, sita wakakibeba mabegani kunipeleka stesheni wasubiri treni ya kwenda Kilosa.

Kama hujawahi kuwa mzigo, hujui aibu. Walininyanyua wakaenda hatua ishirini, wakaniweka chini wapumzike. Hatua kumi na tano, chini tena. Jasho liliwatiririka mpaka likanidondokea. Nilisikia mmoja akisema kwa sauti ya chini, "Jamani, tuombe trekta." Mwingine akamjibu, "Trekta limekwenda Mikumi." Nami, pamoja na maumivu yote yale, nikawa na hasira ya kutaka kuwauliza kama wamekuja kubeba au kupiga porojo.

Tulipofika kwenye kivuli karibu na ghala, mkunga wa kijiji akatukuta. Akawaamuru waniweke, akaniinua miguu juu kuliko kichwa, akanipaka mafuta, akawa anasukuma kile kivimbe taratibu, taratibu, huku akiniambia nipumue kama ninayezaa. Sijui ilichukua muda gani. Mwishowe kikarudi ndani kwa mlio kama chupa inayojazwa maji kisimani. Maumivu yakaisha hapo hapo. Nikakaa, nikafunga kanga yangu. Watu wakaanza kucheka kwa ahueni, na mmoja akasema nimewaadhibu kwa sababu walichelewa shambani. Nikamjibu kwamba ndivyo.

Jumamosi nikaenda ghalani. Mtani wangu alikuwa na watu wawili tu. Nikapanda. Akasogeza kijiwe. Tisini na tatu. Nikasubiri tusi.

Hakutukana. Aliwaomba wale watu wawili wasubiri nje, wakatoka. Akasema, "Shuka, mama."

Miaka yote ile hakuwahi kuniita mama.

"Umeniita nani?"

"Nimekuita mama. Leo sina utani."

"Nimekukosea nini?"

"Jumatano nilikuwa upande wa kichwa." Akavuta kola ya shati, akanionyesha bega. Ngozi ilikuwa imechubuka, nyekundu, mguu wa kitanda ulipokaa. "Kutoka shambani mpaka pale kivulini tulikuweka chini mara saba. Kutoka pale mpaka stesheni ni maili nne. Wewe uko kwenye kamati. Piga hesabu. Mama, tungefika na maiti."

Nikashuka ubaoni, nikafunga kanga yangu upya.

"Nakula ngumi moja," nikasema. "Ngumi moja mchana, ngumi moja jioni. Waulize majirani."

"Sikuulizi ugali. Nakuuliza hivi. Leo kama ungekuwa umefunga, tangu alfajiri ungekuwa umefungua mara ngapi?"

"Leo sijala kitu."

"Sikuuliza kula. Nimeuliza kilichopita kooni." Akachota mbegu za pamba kwenye debe, akazishika mkononi. "Alfajiri?"

"Alfajiri niliwasha moto tu."

"Ukiwasha moto, mkono mwingine ulikuwa wapi?"

Nikakumbuka. "Kulikuwa na kiporo cha muhogo. Kipande. Lakini kile si chakula, nilikuwa nakiondoa kwenye sufuria."

Akaweka mbegu moja juu ya ubao wa mizani.

"Halafu?"

"Halafu nikampa mtoto uji. Nikauonja kama una moto."

"Mara moja?"

"Ulikuwa na moto. Nikauonja tena." Mbegu ya pili, ya tatu. "Na alipoacha nikamalizia, mtu hatupi uji." Ya nne.

"Endelea."

"Nikapita kwa jirani kumjulia hali. Kanipa karanga. Zile za kiganjani tu! Nani anahesabu karanga?"

"Mwezi wa Ramadhani ungezitafuna?"

"Astaghafirullah!"

Mbegu ya tano. Tukaendelea hivyo. Togwa niliyonywa kwenye kibuyu cha jirani yule yule, maana ni ya kunywa, na cha kunywa kinahesabiwaje kuwa chakula? Embe lililoanguka njiani likiwa limepasuka, ambalo kuliacha ni kufuru. Mboga ya wanawake waliokuwa wakipika kwa ajili ya wajenzi wa darasa, ambayo nilionja chumvi mara mbili kwa sababu mimi ni msimamizi na chumvi ni jukumu langu. Ukoko walionipa kwa heshima, kisha ukoko wa sufuria ya pili, ili waliopika sufuria ya pili wasione nimewadharau. Saa sita ya mchana ilikuwa haijafika. Mbegu kumi na moja zilikaa kwenye ubao, ndogo, zenye manyoya, na mimi nilikuwa nikizitazama kama mtu anayetazama mashahidi wakiingia mahakamani.

"Zimeisha," nikasema.

"Zimeisha?" Akaninyooshea kidole shavuni. "Na hicho?"

Nilikuwa na kipande cha muwa mdomoni. Nilikuja nacho kutoka nyumbani. Nilipanda nacho mizani, nikapimwa nacho, nikaapa nacho kwamba sijala kitu. Nikakitema kiganjani, nikakiangalia. Yeye akaweka mbegu ya kumi na mbili. Hakucheka. Ningempa chochote siku ile acheke.

Nataka mnielewe. Sikuwa mwongo. Kwetu chakula ni ugali, au wali siku ya sherehe. Mtu anaweza kuwa ameshiba mihogo na maembe mpaka hawezi kuinama, ukimkaribisha atakuambia sijala tangu jana, na utamhurumia, na atakuwa amesema kweli. Daktari alisema punguza chakula. Nikapunguza chakula. Ila kadiri ngumi ilivyopungua, njaa ilikuwa ikitafuta njia nyingine, na njia zilikuwa wazi pande zote, na mlinzi wa njia hizo alikuwa mimi, mwanamke mkali, asiyependa ulafi.

Alinipa mbegu kiganja kizima nikazifunga kwenye pindo la kanga. Kila kitu kikipita kooni isipokuwa maji, mbegu moja inatoka pindo hili kwenda pindo lile. Jumapili jioni nikafungua nikahesabu. Ishirini na tatu. Nikahesabu tena, nikidhani watoto wameniongezea. Ishirini na tatu.

Nikajiwekea saba kwa siku. Njaa haikuwa tatizo, nilikwishaizoea. Tatizo likawa watu. Jirani yangu alinipa karanga, nikasema, "Asante, leo sitaki." Akanikazia macho.

"Hutaki zangu?"

"Sitaki karanga."

"Miaka sita unakula karanga zangu. Leo umeona nini ndani yake?"

Mnajua maana yake. Kwetu ukikataa kilichotoka mkononi mwa mtu, umemwambia kwa adabu kwamba ni mchawi. Siku tatu hakunisalimu. Siku ya nne wanawake wawili wengine walikuwa hawanisalimu, na mmoja alisema kisimani, nikisikia, kwamba wakubwa wa kamati siku hizi wanaogopa sumu. Nikaona nitapona ngiri nife kwa kutengwa.

Dawa niliipata mwenyewe, nami najisifia kwa hilo kwa kuwa nina machache ya kujisifia katika habari hii. Nikaanza kupokea kila kitu kwa mikono miwili, nikashukuru, nikafunga kwenye jani la mgomba, nikasema, "Hiki kitamu, namwekea baba watoto." Hakuna mwanamke anayekasirika chakula chake kikienda kwa mume wa mtu. Jirani yangu alifurahi mpaka akaongeza. Ijumaa mume wangu akirudi alikuta mihogo, karanga, maandazi, ukoko, vyote vimepangwa. "Mama watoto, kuna nini?" Nikamwambia kula. Akala. Baada ya mwezi suruali ya reli ilikataa kifungo. Watu wakaanza kuuliza huko Mikumi analishwa na nani, na safari hii alijibu kwa kifua mbele kwamba ni mke wake.

Jumamosi ya kwanza ya mbegu, kile kijiwe cha chuma kilisogea. Tisini na mbili kasoro. Mtani wangu akapumua, akakaa juu ya gunia, halafu akapata sauti yake.

"Haya, sasa tumeanza kuondoa maji kwenye hii fifi! Bado mawe yaliyofichwa ndani!"

Sijawahi kufurahi kuitwa mawe kama siku ile.

Haikwenda kama treni. Tisini ilinishika wiki mbili. Siku moja ya arusi ya mpwa wangu mbegu zilivuka zote mpaka pindo likawa tupu, nikalia jikoni kwa hasira. Lakini nywele sikunyoa tena. Nilipofika themanini na tano mawingu ya masika yalikuwa yameanza kukusanyika upande wa milima. Mume wangu akaomba ruhusa, tukapanda treni mpaka Kilosa, na kutoka hapo lori likatupandisha.

Daktari alinipima, akanishangaa, akaniandikia Jumanne. Aliwapasua watu Jumanne na Alhamisi tu. Jumatatu jioni muuguzi akanionya nisile kitu mpaka kesho. Kwenye kitanda cha pili alikuwepo mama mmoja wa Kisanga aliyevunjika mguu, mwenye moyo mwema. Alfajiri, ndugu zake wakiwa wamemletea papai, akanikatia. Mkono wangu ulipokea. Nakuambia ukweli, sikuwepo. Nilikuwa naangalia dirishani jinsi mawingu yalivyoshuka, nikiwaza barabara.

Saa mbili muuguzi akaja na karatasi, binti mdogo, kofia nyeupe. "Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Umekula chochote tangu jana?"

Neno lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Sijala. Lilikuwa limekaa pale maisha yangu yote, na lilikuwa la kweli: sikula ugali, sikula wali. Nje walikuwa wameshaleta machela ya kunipeleka. Nikikiri, ni Alhamisi, na Alhamisi mvua inaweza kuwa imenyesha, daktari ameitwa kwingine, mimi nimerudishwa bondeni na kitovu changu. Muuguzi akauliza mara ya pili.

"Papai," nikasema. "Vipande viwili."

"Mama! Si nilikuambia?"

"Uliniambia. Andika vipande viwili."

Yule mama wa Kisanga akashika mdomo. Muuguzi akatoka anasonya, machela yakaondoka bila mimi. Baadaye kidogo daktari mwenyewe akaja, akasimama miguuni pa kitanda.

"Ungenyamaza," akasema, "ungelitapika ukiwa usingizini, likaingia mapafuni. Hapa tumewahi kuona hivyo. Nani alikufundisha kusema?"

Habari ya mbegu ilikuwa ndefu na yeye hakupenda maneno mengi.

Jumatano nzima sikupokea kitu, hata yule mama aliponipa pole nilimwomba anipe kwa mdomo tu. Jioni ile mvua ikaanza, mvua yenyewe, ya kupiga mabati mpaka hamsikilizani. Alhamisi asubuhi muuguzi akauliza, nikajibu, akaniangalia machoni akaniamini, nikapelekwa.

Mto ulipokata barabara mwisho wa wiki ile, nilikuwa upande wa hospitali, nimelala chali na nyuzi kumi na nne tumboni, namsikiliza mume wangu akilalamika kwamba hataweza kurudi kazini kwa wakati.